Mlanguzi ni nani hasa?

Neno hili limebadilisha kazi. Siku hizi ukilisikia kwenye taarifa ya habari hapa Kenya, linamhusu mtu wa mihadarati au yule anayesafirisha binadamu kwa siri. Lakini asili yake ni sokoni. Kulangua ni kununua bidhaa kwa wingi ikiwa rahisi, kisha kuiuza kwa bei ya kuumiza ikishaadimika. Watanzania bado wanalitumia hivyo: anayekusanya tiketi za mpira na kuziuza langoni kwa bei maradufu, huyo ni mlanguzi. Huku kwetu magharibi mwenye kazi hiyo kwenye mahindi tunamwita broka, na hatulitamki jina hilo kwa upendo.

Hebu itazame maana hiyo tena. Kununua, kuweka, kuuza: hivyo ni vitendo, na mtu anaweza kuvishuhudia. "Bei ya kuumiza" si kitendo. Ni hukumu juu ya moyo wa mtu, kwamba ana tamaa. Na hukumu lazima iwe na hakimu.

Chukua mahindi ya Bungoma. Yanaanza kuvunwa mnamo Agosti, yale ya Kitale yanafuata kuelekea mwisho wa mwaka. Wakati huo kila nyumba inauza, maana karo ya Januari inabisha hodi. Broka anapita na lori, ananunua kwa bei ambayo mkulima anaitukana huku akipokea pesa. Kisha anagharamia magunia, dawa ya fukusi, ghala, mlinzi wa usiku, na anasubiri. Ikifika Mei au Juni, mahindi ya shambani bado machanga, maghala ya watu yamebaki na panya, naye anafungua mlango. Bei imepanda. Ni tamaa? Huenda ni tamaa tupu. Lakini pia ndiyo sababu Juni kuna mahindi sokoni. Kama bei ya Juni ingelazimishwa kuwa sawa na ya wakati wa mavuno, nani angekubali kulala na fukusi nusu mwaka?

Serikali ya kikoloni ilijipa uhakimu huo mapema. Udhibiti wa mahindi ulianza 1942, wakati wa vita, na chini yake mkulima Mzungu alilipwa zaidi ya Mwafrika kwa gunia lile lile. Uhuru ulipokuja bendera ilibadilika, udhibiti ukabaki. Mwaka 1979 bodi mbili, ya mahindi na ya ngano, ziliunganishwa kuwa Bodi ya Nafaka na Mazao, na kupeleka mahindi wilaya nyingine kukaendelea kuhitaji pamiti, yaani kibali, isipokuwa kiasi kidogo tu. Vizuizi hivyo viliondolewa kabisa mwishoni mwa 1993.

Nyanya yangu, kukhu kama tunavyosema, aliishi katika pamiti hizo. Alitoa mahindi Kimilili akayapeleka Kisumu kwa basi, yakiwa chini ya kiti, juu yake ndizi. Siku moja kwenye kizuizi cha barabarani askari akainua ndizi.

"Mama, pamiti iko wapi?"

"Afande, haya ni ya wajukuu."

"Wajukuu wangapi wanakula gunia zima? Wewe ni mlanguzi."

Aliendelea na safari akiwa na nusu gunia. Nusu nyingine ilibaki kando ya barabara, na sidhani kama ilifika kwenye ghala la serikali. Kukhu alipofika Kisumu alipandisha bei ili hasara irudi, na mnunuzi wake naye, bila shaka, alimwita mlafi. Mimi katika kisa hicho huwa natafuta ni nani aliyejaza tumbo bila kubeba mzigo.

Askari yule hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Tatizo ni kazi aliyopewa: kuamua ni kiasi gani cha mahindi kinamtosha mtu mwingine. Ukishampa mtu kazi hiyo, umempa pia kitu cha kuuza, na kile anachouza ni ruhusa.

Majirani zetu walifika mbali zaidi. Uganda ya Idi Amin ilitoa amri mwaka 1975 ya kuunda mahakama maalumu ya makosa ya uchumi. Kuhodhi, kuuza kwa bei ya juu na magendo kungeweza kumfikisha mtu kwenye kifo. Magendo hayakuisha. Yakawa ndiyo uchumi wenyewe, na waliotajirika wakabandikwa jina la mafuta mingi. Baridi kali ilipoharibu kahawa ya Brazil mwaka huohuo wa 1975, bei ya dunia ikaruka, na kwa kuwa mkulima wa Uganda alipewa kidogo na bodi yake, kahawa ikavuka mpaka kuja Chepkube, huko chini ya Mlima Elgon. Wazee wa Bungoma wakikuonyesha nyumba fulani za mabati husema "hiyo ni ya Chepkube." Gunia lile lile lilikuwa uhalifu upande mmoja na neema upande wa pili.

Tanzania mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilitangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Watu walianza kukamatwa kabla sheria yenyewe haijapitishwa, na wengine wakatupa bidhaa usiku wasije wakakutwa nazo. Sabuni na sukari haziongezeki kwa kutupwa.

Je, basi sokoni kila mtu afanye apendavyo? La. Katiba yetu ya 2010 inalinda mali ya mtu katika kifungu cha 40, na katika cha 43 inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Vyote viwili ni vyetu. Lakini njia ya serikali kumsaidia mwenye njaa ni kufungua akiba yake na kuuza, si kupekua ndizi za kukhu. Hata ruzuku ina mipaka: unga wa shilingi 90 wa mwaka 2017 ulikuwa rahisi kweli, ila uliadimika madukani.

Na kuna makosa yanayopimika bila kuchungulia moyo wa mtu. Wafanyabiashara wakikaa chini kupanga bei pamoja, Sheria ya Ushindani ya 2010 inawakataza. Viazi vya Molo, upande wa Nakuru, vilikuwa vikiuzwa kwenye gunia lililoshonewa kilemba juu, tunaliita mukurino; kanuni za 2019 zikaweka kikomo cha kilo 50. Hapo hakuna haja ya kuuliza nani ana tamaa. Leta mizani.

Kukhu hakuwahi kulikubali lile neno. "Nilikuwa napeleka mahindi mahali hayako," alisema, basi. Gorogoro yake, ule mkebe wa kupimia kilo mbili za mahindi, tunayo hadi leo, tunapimia chakula cha kuku. Imebonyea chini, tena kwa ustadi, na nimewahi kuijaza mahindi nikayapima: hayafiki kilo mbili.