Je, wajua? Karatasi yenye jina lako inaweza isihusike kabisa na kesi yako ya kazi

Mtu akifukuzwa kazi kitu cha kwanza anadai "faili langu lote". Na mimi niliamini hivyo miaka mingi, kwamba karatasi ikiwa na jina langu ni ushahidi wangu na CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanaoamua migogoro ya kazi) watambana bosi ailete. Sivyo. Nilielewa siku nilipomsaidia jirani yangu wa Tabata, mtunza stoo alofukuzwa kwa utoro. Tukaandika orodha ya nyaraka 19, fomu za likizo, tathmini za kila mwaka, mpaka barua yake ya kuomba kazi, na mwamuzi akawa anaweka kalamu kwenye kila mstari anauliza, "Hii inathibitisha nini?" Zikabaki tatu: daftari la mahudhurio la wiki ile, barua ya tuhuma na muhtasari wa kikao cha nidhamu.

Iko hivi: karatasi inahusika kutokana na kile mnachobishania, kukutaja tu hakutoshi. Chukua nyumba ya kupanga Manzese, wapangaji watano, mita moja ya LUKU. Mama mwenye nyumba anasema pasi yako ndo imemaliza yuniti za mwezi wa tatu. Hapo unataka meseji za tokeni za mwezi huo, basi. Mkataba wako wa pango una jina na sahihi yako lakini kuhusu yuniti uko kimya. Sasa ubishi ugeuke, useme wenzako wanachangia elfu kumi na wewe peke yako elfu ishirini, hapo meseji za tokeni hazina kazi tena na daftari la michango ya wenzako, hata kurasa zisizokutaja popote, ndo linatakiwa mezani. Daftari ni lile lile, halijaongezwa hata nukta!

Ndo maana slipu za mshahara za wenzako zinaweza kuhusika ukidai umebaguliwa, ila kwenye utoro hazikusaidii.

Kipimo chenyewe cha karatasi ipi inahusika kimewahi kuwa kipana sana. Uingereza, mwaka 1882, kesi ya kampuni ya mbolea ya kinyesi cha ndege wa Peru (kweli kabisa, na naipenda mno hii) iliweka kwamba hata karatasi inayoweza tu kukuelekeza pa kuchunguza iletwe. Ikatawala zaidi ya miaka 100 mpaka kanuni za 1999 zikaibana.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamruhusu mwamuzi kumuita mtu aje na nyaraka, lakini iwe inahusika na utatuzi wa mgogoro. Na kwa kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huo huo, mwajiri ndo anatakiwa kuthibitisha kwamba kakuachisha kihalali, kwa hiyo karatasi anayoificha inaweza kumuumiza mwenyewe.

Ila kuhusika hakumalizi kila kitu, kuna siri za watu wengine, na waamuzi hawafanani. Meseji za WhatsApp nazo zinaweza kupokelewa chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila jiandae kuonyesha zimetoka simu gani na hazijachezewa.

Daftari la jirani yangu lilipoletwa, Jumanne alioandikiwa mtoro kulikuwa na sahihi yake, saa moja na dakika kumi asubuhi.