Nishati jadidifu: makala ya Bukavu yako upande gani?

Mama anayeniuzia makala kule Kadutu, mtaa wa mji wetu wa Bukavu mashariki mwa Kongo, huyapima kwa ndoo iliyopasuka mdomo. Juzi nilimuuliza mbona bei imepanda tena. "Papa, haya yametoka mbali," akanijibu, huku akipanga vipande vikubwa juu ili ndoo ionekane imejaa. Nilirudi nyumbani na lile neno "mbali" kichwani. (Msomaji wa Tanzania asishangae: makala ya huku ndiyo mkaa wenu, si maandishi ya gazetini.)

Nishati jadidifu ni ile ambayo chanzo chake hurudi chenyewe hata kama tunakitumia kila siku. Jua huchomoza, mvua hunyesha na mto ukajaa, upepo huvuma. Isiyo jadidifu tunaichota kwenye akiba: mazutu (dizeli), esanse (petroli), makaa ya mawe. Akiba hiyo ilijitengeneza chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, nasi tunaichoma kwa vizazi vichache tu. Darasani mwalimu huchora mstari katikati ya ubao, jua na maji kushoto, mafuta kulia, kisha kengele ikalia. Makala angeyaandika wapi?

Mti ukikatwa huota tena, kwa hiyo vitabuni kuni na makala hukaa kushoto, pamoja na jua. Lakini hesabu ya tanuru la udongo ni kali: kupata kilo 1 ya makala hula kilo 5 hadi 10 za kuni, na kilichobaki huondoka na moshi. Mji wetu una watu wanaopita milioni moja, na nyumba nyingi hupikia mbabula, yaani jiko la makala. Sehemu ya makala hayo hukatwa kwa siri ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, makao ya gorila wa nyanda za chini za mashariki. Mti unaochukua miaka mingi kukua huishia kuivisha maharagwe ya siku chache. Msitu ukikatwa haraka kuliko unavyoota, makala huvuka mstari wa mwalimu, na mkataji husogea mbele zaidi kutafuta mti mwingine. Ndiyo "mbali" ya mama wa Kadutu. Nionavyo mimi, ujadidifu ni suala la mwendo kuliko la aina ya kitu.

Basi tuseme maji. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi, nao unaanzia hapa hapa mjini. Mtambo wa Ruzizi I unazalisha umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II ilifuata mwaka 1989, na umeme wake hugawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Hakuna moshi, hakuna mti unaokatwa. Ila mvua kubwa ikinyesha, chupa za plastiki na mifuko huteremka kutoka mitaa ya milimani hadi ziwani, na maji huzisukuma mpaka kwenye bwawa. Huko huziba njia ya maji, wafanyakazi wakazizoa kwa mashua, na wakati mwingine mzamiaji akalazimika kushuka chini kuzichomoa. Mto haujakauka, lakini mtambo umesimama kwa sababu ya chupa niliyokunywa mimi na wewe.

Chini ya ziwa hilo hilo kuna kitu kinachomsumbua zaidi mwenye kupenda mistari: takriban mita za ujazo bilioni 60 za methani, gesi inayowaka, na bilioni 300 za kabonidioksidi, zimeyeyuka kwenye maji ya kina na kubanwa na uzito wa maji yaliyo juu yao. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 huvuta maji hayo kwa bomba. Yanapopanda, shinikizo hupungua na gesi hutoka kwa mapovu, kama chupa ya bia ya Primus inapofunguliwa. Bakteria bado wanatengeneza methani mpya, lakini polepole. Mimi ningeiandika juu ya mstari wenyewe, imeegemea kulia. Ikichomwa hutoa kabonidioksidi, na ikivuja bila kuchomwa hupasha dunia joto zaidi. Hata hivyo kuiacha nako si salama moja kwa moja: mwaka 1986 ziwa Nyos la Kamerun, dogo sana mbele ya Kivu, lilitapika kabonidioksidi usiku na kuua watu wapatao 1,700.

Mazutu hayahitaji maneno mengi. Umeme ukikatika, sikiliza jenereta za mtaani na unuse.

Kuhusu jua, nina bamba la umeme wa jua juu ya bati na sijutii. Lakini usiku taa zinategemea betri, na betri ya madini ya risasi na asidi haidumu. Yangu ya kwanza ilipokufa niliipeleka kwa fundi. Aliigonga kwa nyundo, akatoa vipande vya risasi vya kuuza, asidi akaimwaga kwenye mfereji mbele ya kibanda chake. Ule mfereji unateremka ziwani.