Kulandanisha sauti kiotomatiki kwenye video: maana yake na namna ya kuifanya iwe sahihi zaidi

Kulandanisha sauti kiotomatiki ni pale programu ya kuhariri video inapochukua klipu za tukio moja, zilizorekodiwa na vifaa tofauti, na kuzipanga kwenye mstari wa muda kwa kusikiliza sauti zake tu. Chukua harusi: kamera moja iko mbele ya maharusi, nyingine iko nyuma ya ukumbi, na kinasa sauti kimechomekwa kwenye mixa ya DJ. Kila kimoja kiliwashwa kwa wakati wake. Mhariri anataka picha za kamera zote mbili zipate sauti safi ya kinasa, na midomo ya MC iende sawa na maneno yake.

Kinachotafutwa na programu ni namba moja: sauti hii isogezwe kiasi gani ili ifanane na ile kuliko inavyofanana ikiwa mahali pengine popote. Hulaza wimbi moja juu ya jingine, huzidisha thamani zinazokutana, hujumlisha, husogeza hatua moja, kisha hurudia. Pale jumla inapopanda juu kuliko kwingine kote, ndipo mahali penyewe. Ila hesabu hiyo ni nzito. Saa moja ya sauti, kwa sampuli (vipimo vya wimbi) 48,000 kila sekunde, ni namba milioni 172.8, na kuzijaribu zote katika kila nafasi kungechosha kompyuta yoyote ya nyumbani. Kinachookoa ni njia ya haraka ya kukokotoa mabadiliko ya Fourier (hesabu inayolichambua wimbi katika masafa yanayoliunda), waliyoichapisha James Cooley na John Tukey mwaka 1965. Programu nyingine hupunguza mzigo zaidi: badala ya wimbi lenyewe, hupima ukubwa wa sauti ndani ya kila fremu, yaani kila picha moja ya video. Kdenlive, ambayo ni programu huria, ilijengewa kazi hii juu ya wazo hilo.

Wazo ni zuri, lakini lina mpaka. Video ya fremu 25 kwa sekunde ina fremu ya milisekunde 40, kwa hiyo anayepima kwa fremu hawezi kujua kilichotokea ndani ya milisekunde hizo. Njia bora ni kupita mara mbili: kwanza kukadiria nafasi kwa ukubwa wa sauti, kisha kurudi kwenye sampuli zenyewe na kutafuta kwa makini karibu na nafasi hiyo tu. Kazi haiongezeki sana, na usahihi unapanda mno.

Muziki wenye mdundo unaojirudia ndio unaoipoteza programu kuliko hata kelele. Fikiria singeli yenye mapigo 240 kwa dakika. Kila pigo ni robo sekunde, na kila baada ya mapigo manne, yaani sekunde moja, mdundo uleule unarudi ulivyokuwa. Programu ikilinganisha mdundo tu, itakuta vilele vingi, yaani nafasi ambapo ile jumla inapanda, vinavyokaribiana kwa urefu, na inaweza kuchagua kilicho sekunde moja mbele au nyuma ya ukweli. Dawa ni kuipa kipande kirefu chenye kitu kisichojirudia: MC akiita majina, vigelegele, mtu akicheka karibu na maiki. Ndiyo maana nashikilia kwamba maiki ya kamera isizimwe kamwe, hata kama sauti yake haitatumika popote kwenye kazi ya mwisho. Bila hiyo, programu haina cha kulinganisha.

Watengenezaji nao wana deni hapa. Tofauti kati ya kilele kirefu kuliko vyote na kinachokifuata inaonyesha jibu lina uhakika kiasi gani. Tofauti ikiwa ndogo, mtumiaji aambiwe, na apewe nafasi ya pili na ya tatu azisikilize mwenyewe. Programu inayopanga klipu kimya kimya mahali pasipo sahihi inampotezea mhariri muda mwingi kuliko ile inayokiri kuwa imeshindwa.

Kuna wakati hesabu ni sahihi kabisa na bado jicho linalalamika. Sauti husafiri hewani takriban mita 345 kwa sekunde katika joto letu. Kamera iliyo mita 35 kutoka kwenye spika husikia kila neno likiwa limechelewa kama sehemu ya kumi ya sekunde, ilhali picha imefika papo hapo. Programu ikilandanisha sauti ya mixa na sauti ya kamera hiyo, inauhamisha ucheleweshaji huo kwenye sauti safi, kiasi cha fremu mbili na nusu. Pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, la mwaka 1998, BT.1359, linaeleza kwamba watazamaji huanza kugundua tofauti sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, au ikichelewa kwa 125. Kuchelewa huvumiliwa zaidi. Hata hivyo, kwa kamera ya mbali ni vyema kuirudisha sauti mapema kidogo kwa mkono, hasa kwenye picha iliyovutwa karibu na uso.

Video za simu zina tatizo lao: nyingi hurekodiwa kwa idadi ya fremu inayopandashuka. Zigeuzwe kwanza ziwe na idadi isiyobadilika, ndipo zilandanishwe.

La mwisho ni saa za vifaa vyenyewe. Kila kifaa huhesabu sampuli kwa saa yake ya ndani, na hakuna mbili zinazokwenda sawasawa. Zikitofautiana kwa sehemu 20 katika milioni, baada ya saa moja sauti na picha zimeachana milisekunde 72; kwenye ibada ya saa mbili ni 144. Hapo namba moja haitoshi tena, kwa sababu kiasi cha kusogeza kinabadilika kadiri klipu inavyoendelea. Landanisha kipande cha mwanzo, kisha kipande cha mwisho, uone majibu yanatofautiana kiasi gani. Tofauti hiyo ukiigawa kwa urefu wa muda kati ya vipande hivyo, unapata kasi ya kuachana kwao, na sauti ya kinasa hunyooshwa au kufupishwa kwa uwiano huohuo bila msikilizaji kusikia badiliko lolote.