Setilaiti Haioni Nguo Ulizoanika

Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kupiga picha za ardhi, iliporushwa tarehe 15 Aprili 2023, mama mmoja jirani yetu hapa mtaani Utawala, Nairobi, aliniuliza, "Kijana wangu, sasa serikali itaona hadi nguo zangu kwenye kamba?" Hofu hiyo nimeisikia tena na tena tangu wakati huo, kwenye matatu na hata kazini.

Haioni, na hesabu yake ni nyepesi. Picha ya setilaiti ni vidoto, yaani pikseli. Kamera ya Taifa-1 iliundwa hivi kwamba kidoto kimoja cha picha isiyo na rangi kinafunika mita 16 kwa 16 za ardhi. Sasa chukua ile ploti ya hamsini kwa mia: futi hizo ni kama mita 15 kwa 30. Nyumba, geti, tangi la maji na kamba ya nguo, vyote vinageuka vidoto viwili. Kwenye picha za rangi, kidoto kina mita 32 kila upande. Ploti mbili zinamezwa humo, na rangi unayoiona ni mchanganyiko wa mabati, majani na vumbi. Hata ukikikuza vipi, uso wa mtu hautatokea, kwa sababu haukunaswa tangu mwanzo. Zile picha za ramani zenye magari ya kuhesabika hutoka kwa setilaiti zenye darubini kubwa zaidi, na nyingine hupigwa na ndege.

Wengine hudhani imesimama juu ya Kenya mchana na usiku. Zinazoonekana kusimama ni za televisheni, kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, ndiyo maana dishi likishafungwa halisogezwi. Taifa-1 iliwekwa takriban kilomita 500 juu, na huko lazima ikimbie zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde: Nairobi hadi Mombasa ni kama dakika moja. Kwetu inapita tu, na ikikuta mawingu kama yale ya Julai, kamera haioni kitu. Rada ndiyo hupenya mawingu.

Halafu kuna wanaoiita mwanasesere kwa sababu ina ukubwa wa mkate mrefu, sentimita 10 kwa 10 kwa 30 hivi. (Wala si ya kwanza kwetu; Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na yake ndogo zaidi, 1KUNS-PF, mwaka 2018.) Kazi ya chombo kama hiki ni kutazama maeneo mapana: misitu, mafuriko, mashamba. Jani lenye afya huakisi kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni, na kamera ya aina hii huweza kuunasa.

Nilipomweleza hayo, mama aliuliza kuhusu mahindi yao Trans Nzoia, ekari 5. Hizo ni karibu vidoto 80 visivyo na rangi, au 20 vya rangi. Shamba hilo linaonekana, na upande ulionyauka ukiwa mpana wa kutosha, nao unaonekana.