Faili Moja, Makazi Mengi: Kupanga Katalogi ya Nakala za Akiba

Mtu akija ofisini kwetu hapa Goma kuulizia faili iliyofutika, anataka kujua jambo moja tu: iko wapi? Programu ya nakala za akiba haipekui diski zote ili kumjibu. Inafungua katalogi, hifadhidata inayoonyesha faili gani ilinakiliwa, lini, na imelala kwenye chombo gani. Ni kama daftari la mtunza dipo kule Birere. Daftari likipotea maharage hayajaibwa, ila utafungua magunia yote ukitafuta moja.

Katalogi yetu ya kwanza tuliikosea. Kwenye mstari wa kila faili tuliweka safu ya "mahali", ndani yake "diski 4". Ikatosha, hadi volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini nakala ya pili ikae nje ya mji, tukaanza kupeleka diski Bukavu kwa boti. Sasa faili ileile iko diski 4 na diski 9. Mwenzetu mmoja akaandika "4 na 9". Programu ikasoma 4, ikakuta diski mbovu, ikatangaza kwamba faili haipo, na kumbe ilikuwa ng'ambo ya ziwa, salama kabisa.

Dawa yake ni kutenganisha faili na makazi yake. Jedwali la kwanza liwe la matoleo ya faili: jina, ukubwa, wakati, alama ya SHA-256, yaani alama ya kidole ya faili, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. La pili liwe la vyombo: diski, tepu, seva ya mbali, na mji kilipo kila kimoja. La tatu ni la kuunganisha tu: toleo 8812, chombo 4, kuanzia baiti 40960; toleo 8812, chombo 9, kuanzia baiti 0. Diski ikihama mji, unagusa mstari mmoja kwenye jedwali la vyombo, basi. Nakala ya tatu ikiongezeka, hubomoi kitu.

Sifa zinazotofautiana, kama ruhusa za Windows na zile za Linux, usizifungulie safu mojamoja. Ziweke pamoja katika safu ya JSON, maandishi yanayobeba jina la kila sifa na thamani yake. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ina aina ya safu ya JSON iitwayo JSONB tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014. Lakini jina, ukubwa na wakati vibaki kwenye safu zake zenye faharasa, ile orodha inayoharakisha utafutaji. Nimeona watu wakitupia kila kitu kwenye JSON kwa jina la unyumbufu, kisha wanalalamika utafutaji unakokota miguu kama chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, mlimani.

Wakati nao una mtego wake kwa sisi Wakongo. Faili ya Goma ya saa sita na dakika kumi mchana na ya Kinshasa ya saa tano na dakika arobaini, ipi mpya? Ya Kinshasa, maana wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Hifadhi UTC, saa moja ya dunia nzima; saa ya mahali ni ya kumwonyesha msomaji.

Katalogi yenyewe pia inakiliwe, na kila diski ibebe orodha fupi ya vilivyomo. Bacula, programu mojawapo ya nakala za akiba, ina zana iitwayo bscan inayosoma vyombo na kuijenga katalogi upya, lakini hesabu mwenyewe: diski ya terabaiti 4, ikisomwa megabaiti 150 kwa sekunde, inakula zaidi ya saa 7. Hapo umeme haujakatika hata mara moja.