Kapibara hamalizi malisho ya ng'ombe

Wafugaji wa nyanda za Llanos, Venezuela, walizoea kumwona kapibara kama mwizi wa malisho ya ng'ombe. Sivyo. Mgugunaji huyu, mwenye uzito wa kilo 50 hivi, haendi mbali na maji; hukata nyasi fupi za ukingoni na mimea ya kinamasi, ambayo ng'ombe huifikia kwa shida. Kiangazi kikikaza hugombania kidogo, hilo kweli. Utafiti wa mwanabiolojia Juhani Ojasti miaka ya 1960 ulisaidia kulitazama jambo upya: kuanzia 1968 mashamba yalipewa vibali vya kuvuna sehemu tu ya wanyama waliohesabiwa, na hesabu ilifanyika kiangazi, makundi yalipobanana kwenye madimbwi yaliyobaki. Nyama yenyewe, ajabu, huliwa Kwaresima kana kwamba ni samaki.