Virusi havikuja na sindano

"Daktari, sindano yenu ya jicho imemletea mzee virusi." Juzi nimeambiwa tena hivyo, na kijana aliyemshika babake mkono mlangoni. Kabla yake aliyesema hivyohivyo alikuwa daktari mwenzangu, na hilo ndilo lililoniuma.

Tuelewane. Mwenye kisukari makula ikivimba, yaani kitovu cha retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, tunaweza kumchoma triamsinoloni, steroidi inayotuliza uvimbe na kinga pia, miligramu 4, ndani ya ute unaojaza jicho. Presha ya jicho kupanda, mtoto wa jicho kujitokeza, hayo mnayajua. Kinachonikera ni kuchanganya maambukizi mawili yasiyofanana hata kidogo. Bakteria ndiyo, huingia na sindano, mara nyingi wakitokea kwenye kope za mgonjwa mwenyewe. Hao hawana subira: siku chache tu jicho jekundu, linauma, usaha umetuama nyuma ya konea, kioo cha mbele cha jicho, kama mashapo kwenye glasi.

Virusi vya CMV (sitomegalovirasi), vinavyokula retina, havina haraka. Wiki zinapita, pengine miezi, jicho halina wekundu, haliumi, mgonjwa analalamikia ukungu na vidoa vinavyoelea. Wengi wetu tunaishi navyo tangu utotoni, vimelala. Triamsinoloni ilimlewesha mlinzi tu. Mwizi alikuwa uvunguni miaka yote. Na jamani, kipimo cha VVU kikitoka hasi msiifute CMV! Tumekariri kwamba CMV ya jicho ni ya mwenye VVU, seli zake za kinga za CD4 zikiwa chini ya 50, mpaka tumesahau kwamba kinga ya mwili inaweza kuwa nzima, ya jicho moja tukawa tumeilaza wenyewe.

Nami nimewahi kupitwa. Retina ya kisukari ina damu na madoa ya pamba, yale meupe ya kisukari chenyewe, tele. Nikaona doa jipya jeupe, nikaandika "kisukari", nikampa tarehe ya kurudi. Aliporudi, doa lilikuwa limetambaa kufuata mshipa, kingo zake chengachenga kama unga uliomwagika, katikati damu. Doa la pamba halitambai. Tulivuta maji ya jicho kwa ajili ya PCR, kipimo cha vinasaba vya virusi, tukaanza gansiklovia, dawa ya CMV, bila kusubiri majibu. Jicho lilibaki, kusoma hakukurudi.

Je, lawama zote ni za steroidi? Siwezi kuapa. Sukari isiyodhibitiwa nayo hudhoofisha kinga, na wengi tunaowachoma hawapati shida hii kabisa.

Yule kijana akaniuliza, "Kwa hiyo jicho la pili hutalichoma?" Nikamwambia nitalichoma, ila si kwa steroidi, na safari hii mzee atarudi kila baada ya wiki mbili hata kama haumwi. Akanitazama kama ninayemtafutia nauli ya bure.